Wimbo wa Krismasi uliovushwa mipaka na wauza glavu

Desemba ikifika katikati, Holili upande wa Tanzania na Taveta upande wa Kenya hakulaliki. Mchele na vitunguu vinaelekea upande mmoja, sabuni na vyombo vya plastiki vinaelekea upande wa pili, na nguo za watoto zinakwenda pande zote mbili. Kina mama wenye marobota wanaijua hesabu yao: gauni lisilouzwa kabla ya tarehe 24 litalala hadi Pasaka. Nje ya maduka spika zinarudia nyimbo zilezile za Krismasi tangu asubuhi, na wanaopita na mizigo kichwani au kwenye bodaboda wanaziitikia bila hata kujijua.

Kati ya nyimbo hizo upo mmoja wa polepole, ambao Wajerumani huuita Stille Nacht, Waingereza Silent Night, na waimbaji wengi wa Kiswahili Usiku Mtakatifu. Makanisani huimbwa taa zikiwa zimepunguzwa na mishumaa ikiwa mikononi. Anayeusikia kwa namna hiyo anaweza kudhani ulitungwa katika jumba la mfalme au na maaskofu wenye vinanda vya dhahabu. Kumbe ulizaliwa katika mji wa mpakani, mbele ya watu waliokula kwa kubeba mizigo, na waliouvusha kwenda nchi nyingine walikuwa wachuuzi wa sokoni. Tena kwa zaidi ya miaka thelathini ulizunguka kama bidhaa isiyo na cheti cha uasili, huku mmoja wa waliouunda akifa bila kutajwa.

Mto uliogeuka mpaka

Oberndorf ni mji mdogo kando ya mto Salzach, kaskazini ya jiji la Salzburg. Ng'ambo ya mto upo mji wa Laufen. Kwa karne nyingi pande hizo mbili zilikuwa mji mmoja chini ya maaskofu wakuu wa Salzburg, na riziki yake ilikuwa chumvi. Chumvi ilichimbwa Hallein, ikapakiwa kwenye mashua na kuteremshwa na mto. Penye mkondo mkali wa Laufen, wenyeji waliojua tabia ya maji ndio waliovusha mashua hizo. Oberndorf waliishi mabaharia wa mto na mafundi wa mashua. Soko, kanisa, ndugu na wadeni walikuwa pande zote mbili, na hakuna aliyeulizwa anakwenda wapi.

Vita vya Napoleon vilipokwisha, wakubwa wa Ulaya walikaa mezani kugawana ardhi. Mwaka 1816 Salzburg ilipewa Austria, na mto Salzach ukafanywa mpaka. Laufen ikaangukia Bavaria, Oberndorf ikabaki Austria. Waliolala mji mmoja wakaamka nchi mbili. Kanisa lao la parokia sasa lilikuwa ugenini, ikabidi parokia mpya ianzishwe Oberndorf katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi. Msomaji wa Namanga, Busia au Tunduma hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua mambo huwaje pale mstari uliochorwa mbali unapopita katikati ya meza ya biashara.

Mwaka huohuo hata mbingu zilikataa. Aprili 1815 Mlima Tambora, volkano ya Indonesia, ulikuwa umelipuka na majivu yake yakafifisha jua sehemu nyingi za dunia. Ulaya ya 1816 haikuona kiangazi. Mvua na baridi viliharibu mazao, bei ya nafaka ikapaa, njaa ikaingia majumbani. Ni katika mwaka huo, kwenye kijiji cha mlimani cha Mariapfarr, ambapo padri msaidizi Joseph Mohr, kijana wa miaka 23, aliandika shairi la beti sita juu ya usiku wenye amani. Mohr mwenyewe hakukulia kwenye neema. Mama yake alikuwa mfumaji asiyeolewa huko Salzburg, na baba yake alikuwa askari aliyetoroka jeshini.

Gitaa kanisani

Mwaka 1817 Mohr alihamishiwa Oberndorf. Huko akafahamiana na Franz Xaver Gruber, mwana wa mfumaji wa kitani, aliyekuwa mwalimu wa shule katika kijiji jirani cha Arnsdorf na mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Nikolasi. Tarehe 24 Desemba 1818 Mohr alimpa Gruber lile shairi na kumwomba alitilie muziki wa sauti mbili, pamoja na kwaya na gitaa. Gruber aliumaliza siku hiyohiyo. Usiku ule wakauimba wawili hao, Mohr akishika sauti ya juu na kupiga gitaa, Gruber akishika sauti ya chini.

Waliowasikiliza walikuwa mabaharia wa chumvi na familia zao, watu ambao majira ya baridi kwao yalikuwa majira ya kukosa kazi. Misa ilikuwa kwa Kilatini. Wimbo ulikuwa kwa Kijerumani, lugha waliyoitumia nyumbani na gatini. Hilo ndilo lililozitofautisha nyimbo za Krismasi na tenzi nyingine tangu zamani. Mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda, ili wanakijiji waione Bethlehemu kwa macho yao. Kadiri desturi hiyo ilivyoenea, nyimbo za Noeli nazo zikatungwa kwa lugha za watu wa kawaida, zikaimbwa mitaani na majumbani pamoja na kanisani.

Ipo hadithi inayopendwa sana, kwamba gitaa lilitumika kwa sababu panya walikuwa wametafuna kinanda cha kanisa. Ni tamu kusimulia, lakini Gruber, alipoandika mwenyewe habari za usiku ule, hakutaja panya wala kinanda kibovu.

Chema chajiuza

Wimbo ungeweza kuzeeka na kufa palepale Oberndorf. Uliokolewa na fundi. Karl Mauracher, mtengenezaji wa vinanda kutoka bonde la Zillertal katika jimbo la Tirol, alifika Oberndorf kwa kazi ya kinanda cha kanisa, na inaelezwa kwamba ndiye aliyerudi kwao na wimbo huo.

Zillertal ilikuwa na mashamba machache na watoto wengi, kwa hiyo wenyeji wake walizoea kutoka kwenda kuchuuza. Familia ya Strasser, ya kijiji cha Laimach, iliuza glavu za ngozi. Kila mwaka walisafiri mamia ya kilomita hadi Leipzig, mji wa masoko makubwa katika ufalme wa Saxony. Safari hiyo haikuwa nyepesi. Wakati huo kila dola ndogo ya Kijerumani ilikuwa na utaratibu wake wa forodha na kizuizi chake njiani. Muungano wa forodha wa madola hayo, ulioitwa Zollverein, ulianza kazi Januari 1, 1834, na Austria haikuwa mwanachama wake. Wauza glavu walikuwa wakivuka na mizigo yao kabla ya nafuu hiyo.

Desemba 1831, katika soko la Krismasi la Leipzig, ndugu wa familia ya Strasser walisimama kwenye kibanda chao wakaimba nyimbo za kwao ili kuvuta wateja. Mfanyabiashara yeyote anaielewa mbinu hiyo. Wapo wanaopiga kengele, wapo wanaotangaza bei kwa kipaza sauti, na wapo wanaoweka muziki mpaka majirani walalamike. Hawa walikuwa na sauti nzuri, na mmoja wa nyimbo zao ulikuwa ule wa Oberndorf. Watu walisimama kununua glavu wakabaki kusikiliza. Baadaye wakaalikwa kuimba katika ibada ya Krismasi mjini humo, na Desemba 1832 wakatoa onyesho ukumbini, katika Hotel de Pologne. Muda si mrefu mchapishaji wa Dresden akauchapa wimbo huo pamoja na mingine mitatu, akiita zote nne nyimbo halisi za Tirol.

Kundi jingine la bonde lilelile, familia ya Rainer, liliuvusha bahari. Mwaka 1839 waliuimba New York. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1859, kasisi wa Kianglikana wa Marekani, John Freeman Young, alichapisha tafsiri ya Kiingereza inayotumika mpaka leo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wimbo huu ulikuwa chema, lakini hata chema huhitaji miguu ya mtu wa kukifikisha sokoni.

Mali ya nani?

Hapo ndipo lilipo jambo linalomhusu kila anayevuka na mzigo. Kadiri wimbo ulivyokwenda mbali, ndivyo jina la mwenye kazi lilivyoachwa nyuma. Leipzig ulikuwa wimbo wa watu wa Tirol, ingawa haukutoka Tirol. Kwingine ukadhaniwa kazi ya Michael Haydn, mtunzi aliyekuwa maarufu Salzburg. Vitabu viliuzwa, maonyesho yakalipiwa, na padri na mwalimu wakaendelea na mishahara yao midogo.

Mohr alihamishwa parokia baada ya parokia. Kituo chake cha mwisho kilikuwa Wagrain, ambako alihangaikia ujenzi wa shule kwa ajili ya watoto wa kijiji, na huko akafariki Desemba 4, 1848, akiwa maskini. Husemwa mcheza kwao hutunzwa. Mohr alicheza kwao, kisha wimbo ukaenda kutunzwa ugenini kwa jina la wengine.

Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme wa Prussia, mjini Berlin, waliandika barua Salzburg wakitaka kujua kama wimbo ule kweli ni wa Haydn. Swali hilo likamfikia Gruber kupitia mwanawe mdogo, Felix, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya katika abasia ya Mtakatifu Petro. Tarehe 30 Desemba 1854 mzee huyo alikaa akaandika maelezo mafupi: nani aliandika maneno, nani alitia muziki, wapi, lini na kwa vyombo gani. Mohr alikuwa amekufa miaka sita kabla, na Gruber angeweza kujichukulia sifa zote. Hakufanya hivyo. Alimtaja mwenzake kuwa mwenye maneno.

Karatasi hiyo, iliyoandikwa miaka 36 baada ya usiku wa Oberndorf, ndiyo iliyokuwa cheti cha uasili cha wimbo huu. Hata hivyo wenye shaka hawakuisha, mpaka mwaka 1995 ilipoibuliwa nakala iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr mwenyewe. Nakala hiyo inasema maneno ni yake, ya mwaka 1816, na muziki ni wa Gruber.

Wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri neno cheti cha uasili. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti hicho kwa njia nyepesi palepale mpakani na hausamehewi ushuru wa forodha bila hicho. Karatasi moja inaamua kama mchele ni wa jirani au wa mbali. Gruber hakuwa na ofisa wa forodha mbele yake, lakini alielewa jambo lilelile: kitu kisichoandikwa kilikotoka, mwingine atakiandikia.

Kutoka Leipzig hadi Machame

Leipzig, ule mji wa wauza glavu, una uhusiano wa moja kwa moja na mpaka wa Holili na Taveta. Ndipo yalipokuwa makao ya misheni ya Kilutheri ya Leipzig, ambayo watu wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanza kazi Machame. Walikuja na Biblia, shule na tenzi za Kijerumani, na tenzi hizo zikageuzwa kuwa za Kichaga na Kiswahili. Leo zaidi ya lugha 300 duniani zina tafsiri za wimbo wa Mohr na Gruber.

Wimbo huo umewahi kusikika hata mahali pasipo na amani yoyote. Krismasi ya 1914, katika mahandaki ya vita nchini Ubelgiji na Ufaransa, askari wa Kijerumani waliuimba, nao Waingereza wa upande wa pili wakajibu kwa nyimbo zao. Sehemu nyingi walitoka wakasalimiana na kubadilishana tumbaku na vyakula kabla ya kurudi kupigana. Wakati huohuo Taveta ilikuwa mikononi mwa jeshi la Wajerumani, lililoiteka Agosti 1914 na kuishikilia hadi Machi 1916. Mpaka ambao leo unapita marobota ya nguo za sikukuu ulikuwa uwanja wa vita.

Sikukuu moja, majina mengi

Desturi za Krismasi za kanda hii nazo zimevuka mipaka, na majina yanaonyesha njia zilimopita. Rwanda husema Noheli, Burundi Noweli, na Kongo Noeli, kwa athari ya Kifaransa. Kenya na Tanzania husema Krismasi, ingawa Wakatoliki wengi wa Tanzania nao husema Noeli. Waganda huiita Ssekukkulu, neno lililotokana na sikukuu ya Kiswahili. Neno hilo liliingia Buganda kwa njia ya misafara ya biashara na dini, likakaa likawa la nyumbani.

Mezani pia kila mtu ana lake. Uganda matoke na kuku wa luwombo aliyefungwa kwenye majani ya mgomba. Kenya chapati na nyama choma. Uchagani mbuzi, mtori na mbege, na kabla ya hayo yote ile safari ya kurudi nyumbani inayojaza mabasi ya kwenda Moshi na Rombo. Tarehe 26 nchi nyingi za Jumuiya hupumzika tena, watu wakitembeleana na watoto wakivaa nguo zilezile mpya kwa siku ya pili.

Nyimbo zinazoambatana na karamu hizo zina asili za kushangaza. Jingle Bells, unaopigwa madukani kuliko mingine, ulitungwa na Mmarekani James Lord Pierpont na kuchapishwa mwaka 1857, na maneno yake hayataji Krismasi hata mara moja. Ni wimbo wa mbio za farasi wakivuta kigari kwenye theluji, lakini huchezwa Namanga jua likiwa la utosi. Maneno ya wimbo maarufu wa Kifaransa Minuit, chrétiens, ambao Waingereza huuita O Holy Night, yaliandikwa na Placide Cappeau, mfanyabiashara wa mvinyo wa mji wa Roquemaure, na ukaimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1847 kwa muziki wa Adolphe Adam.

Kwaya za kanda hii

Kanda hii ina watunzi wake. Kwaya za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zina nyimbo za Noeli zenye ngoma, kayamba na vigelegele, na nyingi zinapendwa ng'ambo ya mpaka kuliko kwao. Husafiri kama ulivyosafiri ule wa wauza glavu: kwenye redio ya lori, kwenye simu ya abiria, kwenye flashi iliyojazwa nyimbo mia moja na kuuzwa stendi kwa bei ya soda. Mnunuzi anafurahi. Ukimuuliza kwaya ni ipi, husema ni ya Kongo, au ni ya Tanzania, kama vile watu wa Leipzig walivyosema ni ya Tirol.

Kwaya ya parokia ndogo ikirekodi, hulipa studio kwa michango ya wanakwaya, wengine wakiwa wauza mboga. Flashi isiyo na majina haiwarudishii hata shilingi. Mfanyabiashara anayeweka muziki kibandani mwake, au anayeuza nyimbo pamoja na bidhaa nyingine, anaweza kufanya alichofanya Gruber kwa kalamu na karatasi: aandike jina la kwaya na mahali ilipo, na anunue kwa wenyewe pale wanapouza. Kwaya nazo zinaweza kusajili kazi zao kwa wasimamizi wa hakimiliki wa nchi zao kabla wimbo haujapanda basi.

Kanisa la Mtakatifu Nikolasi la Oberndorf halipo tena. Mafuriko ya Salzach yaliliharibu, likabomolewa mwanzoni mwa karne ya 20, na mahali pake kikajengwa kikanisa kidogo cha kumbukumbu kilichowekwa wakfu mwaka 1937. Kila tarehe 24 Desemba watu hukusanyika hapo jioni kuuimba wimbo kwa gitaa. Daraja la chuma lililojengwa mwanzoni mwa karne hiyohiyo linaunganisha Oberndorf na Laufen, na wengi wanaokuja kuimba hulivuka kwa miguu kutoka Ujerumani.

Desemba 2018, wimbo ulipotimiza miaka 200, Namanga nayo ilikuwa na sherehe yake: tarehe 1 mwezi huo marais wa Kenya na Tanzania walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ili anayevuka ahudumiwe chini ya paa moja. Foleni za Desemba hazijaisha. Atakayesimama humo mwaka huu na robota begani, na spika ya jirani ikamfikishia ule wimbo wa polepole, ataweza kumwambia aliye mbele yake kwamba waliouleta walisimama foleni kama hizi, wakiwa na glavu za kuuza.